Wiki kumi maabarani: mwongozo wa utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa kompyuta na uhandisi

Kila mwaka maswali ni yaleyale. Nianze na nini? Nisome makala ngapi? Profesa amenipa mada pana kama bahari, nifanyeje? Wiki ya sita imefika na sina matokeo, nimekwisha? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Unamlenga mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyepata, au anayetafuta, nafasi ya utafiti wa kiangazi katika chuo cha Marekani, ambako utaratibu huu umezoeleka sana: wiki 8 hadi 10, kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, chini ya profesa mmoja na mara nyingi mwanafunzi wa uzamivu anayekuongoza siku kwa siku. Unayefanya mradi wa namna hiyo wakati wa likizo ndefu ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, ruka hatua ya 1 uanzie ya 2.

Wiki kumi si nyingi. Ya kwanza inaliwa na akaunti na funguo za milango, ya mwisho inaliwa na bango la kuonyesha matokeo yako. Zimebaki nane. Ndiyo maana karibu kila kitu hapa chini kinategemea mambo mawili: swali dogo, na mfumo wa kulinganishia (mfumo uliopo tayari, ambao namba zako zitapimwa dhidi yake) unaofanya kazi kabla ya wiki ya tatu kwisha. Asiyekuwa na hayo mawili, hata awe na akili kiasi gani, mwisho wa kiangazi atakuwa na msimbo mwingi na jibu hakuna.

Ili tusizungumze hewani, mfano wetu utakuwa mmoja: kuboresha utambuzi wa usemi wa Kiswahili kwa Whisper, modeli ya OpenAI inayogeuza sauti kuwa maandishi, na Common Voice, mkusanyiko wa Mozilla wa sauti zilizochangwa na watu. Wanaoshughulika na saketi na sensa (vihisi) wana hatua yao.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye angalau GB 16 za RAM. Hesabu nzito zitafanyika kwenye seva ya chuo, kwa hiyo usinunue mashine ya bei mbaya.
- Python na Git, kwa kiwango cha kuweza kufungua tawi, kurekebisha faili na kuunganisha bila kuita mtu.
- Amri za kawaida za Linux: `ssh`, `scp`, `tmux`, `grep`, `du -sh`.
- Takwimu za mwaka wa kwanza: wastani, mkengeuko sanifu, na maana ya tofauti ambayo ni bahati tu.
- Daftari moja. La karatasi au faili la maandishi, yote sawa, mradi liwe moja.
- Wasifu wa ukurasa mmoja na nakala ya matokeo yako kwa PDF.

Hatua ya 1: Jua mlango unaoruhusiwa kuingia

Programu za REU, yaani za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazofadhiliwa na shirika la serikali ya Marekani la NSF tangu 1987, hulipa posho raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Kama upo kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, usimalize Januari yako ukijaza fomu hizo. Njia yako ni fedha za chuo chako mwenyewe au ruzuku ya profesa isiyo na sharti hilo.

Kwa F-1, kazi ndani ya chuo chako hairuhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini likizoni unaweza kufanya kazi muda wote. Maabara ya chuo kingine huhesabiwa kuwa nje ya chuo, na hapo utahitaji idhini ya CPT (mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya masomo), ambayo kwa kawaida hutolewa baada ya mwaka mmoja kamili wa masomo. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa mapema, na usianze hata siku moja kabla I-20 mpya (hati ya chuo inayoonyesha hadhi yako ya mwanafunzi) yenye idhini hiyo haijatoka. Profesa akikuambia "anza tu, karatasi zitafuata", mshukuru na usubiri. Karatasi zikiharibika, zilizoharibika ni zako.

Uliye nyumbani una milango mingine. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hupokea wanafunzi wa kiangazi wa fizikia, kompyuta na uhandisi hata kutoka nchi zisizo wanachama wake. Chuo kikuu cha KAUST cha Saudi Arabia kina programu ya wanafunzi wageni wa utafiti, VSRP, ya miezi 3 hadi 6. Soma masharti ya mwaka husika kwenye kurasa zao, kwa sababu hubadilika.

Ukimwandikia profesa moja kwa moja, barua pepe isizidi maneno 150. Sentensi moja ya wewe ni nani; mbili kuhusu makala yake moja uliyoisoma kweli, ukitaja jedwali au jaribio fulani; moja ya kitu ulichokijenga, na kiungo chake; ya mwisho iulize kama ana nafasi kiangazi hiki. Tuma Januari au Februari. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku 10, kisha songa mbele. Kosa kubwa ni kutuma barua ileile kwa idara nzima. Wanakaa korido moja na wanaonyeshana.

Hatua ya 2: Maliza mazingira ndani ya siku tano

1. Omba akaunti ya seva, ufunguo wa maabara na ruhusa ya hifadhi ya msimbo siku ya kwanza, yote kwa pamoja. Kila kimoja kina foleni yake.
2. Tengeneza mazingira ya mradi kwa `python -m venv` na uandike matoleo ya maktaba zako: `pip freeze > requirements.txt`.
3. Hamisha akiba ya modeli kutoka kwenye folda yako ya nyumbani. Maktaba za Hugging Face, zinazotumika kupakua na kuendesha modeli, hupakua kwenye `~/.cache`, na nafasi hiyo kwenye seva nyingi ni ndogo. Elekeza `HF_HOME` kwenye diski kubwa ya muda, kisha uliza diski hiyo hufutwa kila baada ya siku ngapi. Usiache kuuliza. Kuna watu wamepoteza matokeo ya mwezi mzima kwa ufagio huo wa usiku.
4. Kama seva yenu inatumia Slurm, mfumo wa kupanga foleni ya kazi, tuma kazi ndogo ya dakika 15 kwa `sbatch`, iangalie kwa `squeue --me`, na uhakikishe faili la matokeo limeandikwa.

Usiendeshe hesabu kwenye mashine ya kuingilia. Ni ya kuhariri faili na kutuma kazi tu. Ukiijaza, kila mtu atajua jina lako kwa ubaya. Na usiweke data kwenye Git: GitHub hukataa faili linalozidi MB 100, na nywila iliyowekwa humo mara moja hubaki kwenye historia hata ukiifuta.

Hatua ya 3: Soma makala chache, kwa kalamu

Makala 8 hadi 12 zinatosha kwa wiki mbili za mwanzo. Anza na ikisiri, nenda kwenye michoro na majedwali, kisha hitimisho. Makala ikikufaa ndipo urudi kwenye mbinu. Kwa kila moja andika mistari mitatu: walipima nini, kwa data gani, namba yao bora ni ipi. Hesabu ngumu usiyoielewa siku ya kwanza iwekee alama upite. Nusu yake itajifungua yenyewe ukianza kuendesha msimbo.

Hatua ya 4: Kata swali mpaka liingie kwenye sentensi moja

"Kuboresha utambuzi wa usemi wa Kiswahili" ni mada ya miaka. Swali la kiangazi ni hili: *Whisper ndogo ikifundishwa zaidi kwa saa 10 za Common Voice ya Kiswahili, kiwango cha makosa ya maneno kinashuka kwa kiasi gani kwenye sauti safi, na kwa kiasi gani kwenye sauti iliyochanganywa na kelele za barabarani?*

Sentensi hiyo ina modeli, data, kipimo na ulinganisho. Kikikosekana kimoja, rudi kwa msimamizi. Mwandikie sentensi yako umuulize, "Je, hili likijibiwa hapana, bado ni jibu?" Kama jibu la "hapana" halina thamani, swali bado ni bovu.

Tahadhari: usichague swali linalodai kurekodi watu wapya. Chuo kitahitaji idhini ya bodi ya maadili, na hiyo huweza kula wiki kadhaa. Ukitaka kurekodi Kenya kuna leseni ya utafiti ya tume ya NACOSTI, na Tanzania kuna kibali cha utafiti cha tume ya COSTECH. Tumia data iliyokwisha kukusanywa na yenye leseni iliyo wazi.

Hatua ya 5: Pata kwanza namba ya wengine

Hapa ndipo kiangazi hupona au hufa. Kabla hujaongeza wazo lako, endesha mfumo uliopo bila kuugusa, upate namba iliyo karibu na iliyochapishwa. Ukishindwa kuipata, huna cha kulinganishia, na kila "uboreshaji" utakaouonyesha baadaye unaweza kuwa kosa lako mwenyewe lililojirekebisha.

Kwa mfano wetu:

1. Pakua data ya Kiswahili ya Common Voice na utumie migao yake ya `train` (mafunzo), `dev` (kurekebishia mipangilio) na `test` (mtihani) kama ilivyo.
2. Badilisha sauti kuwa 16 kHz, chaneli moja. Klipu huja kwa MP3 zenye kasi nyingine ya sampuli, na Whisper inataka 16 kHz.
3. Weka lugha kuwa `sw` na kazi kuwa `transcribe`. Ukiiacha ikisie, baadhi ya klipu fupi itazisikia kama lugha nyingine. Ukiweka `translate` itakuandikia Kiingereza.
4. Anza na klipu 50. Soma matokeo kwa macho, moja baada ya nyingine, kabla ya kuangalia wastani wowote.
5. Ndipo uendeshe mgao mzima na kukokotoa kiwango cha makosa ya maneno, kwa kifupi WER: maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, jumla yake igawanywe kwa idadi ya maneno ya maandishi sahihi.

Hatua ndogo ya 4 wengi huiruka, na ndiyo inayofichua mtego wa Kiswahili wenyewe. Chukua sentensi "ng'ombe wangu amepotea". Visafishaji vingi vya maandishi hubadilisha kila alama kuwa nafasi, kwa hiyo maandishi sahihi yanakuwa "ng ombe wangu amepotea", maneno manne. Modeli ikiandika "ngombe wangu amepotea", kipimo kitahesabu neno moja limebadilishwa na moja limeachwa: makosa mawili kati ya manne, asilimia 50, kwa sentensi ambayo msikilizaji yeyote angesema iko sawa. Dawa yake: geuza kila aina ya kistari cha juu (’ na ‘) kuwa ', kisha ukifute bila kuacha nafasi, kwenye maandishi sahihi na ya modeli pia, kabla ya kupima. Iandike kanuni hiyo kwenye ripoti, maana mtu akitumia kisafishaji kingine atapata namba nyingine.

Mtego wa pili ni wa kugawa data. Ukichanganya klipu zote na kuzigawa upya bila mpangilio, sauti ya mtu mmoja itaangukia kwenye mafunzo na kwenye mtihani. Modeli itamzoea mtu badala ya lugha, na namba yako itapendeza kwa uongo. Faili za Common Voice zina safu ya `client_id`. Kama ni lazima ugawe upya, gawa kwa safu hiyo, si kwa klipu.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Tengeneza faili moja la CSV lenye safu hizi: tarehe, namba ya toleo la msimbo kwenye Git, mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha uchaguzi wa kubahatisha wa kompyuta), mipangilio, matokeo, maoni. Skripti yako ijaze safu hizo yenyewe. Mkono husahau.

Endesha kila jaribio kwa mbegu tatu tofauti, tano kama muda wa seva unaruhusu, na uripoti wastani pamoja na mtawanyiko. Mfumo mmoja ukitoa 21.4 na mwingine 21.1 kwa mbegu moja tu, hujathibitisha chochote. Na ukibadilisha kasi ya kujifunza na data kwa mkupuo mmoja, hutajua kipi kilifanya kazi.

Mgao wa mtihani uguse mwisho. Kila uamuzi ufanyike kwa `dev`. Ukichagua mipangilio kwa kuangalia mtihani, umeshauvujisha, na hakuna namna ya kuurudisha isipokuwa kutafuta data nyingine.

Omba muda mfupi kwenye seva. Kazi ya saa 4 mara nyingi hupata nafasi mapema kuliko ya saa 48, kwa sababu mpangaji wa foleni huipenyeza kwenye mapengo. Hifadhi hali ya modeli kila dakika 30 ili kazi ikikatwa iendelee ilipoishia.

Hatua ya 7: Kwa wenye saketi na sensa

Agiza vipuri wiki ya kwanza, vitatu kwa kila kimoja unachohitaji. Kimoja kitaungua, kimoja kitakuja kibovu, cha tatu ndicho utakachofanyia kazi.

- Pini za ESP32, kompyuta ndogo ya saketi yenye Wi-Fi, hufanya kazi kwa volti 3.3 na hazivumilii 5. Sensa ya umbali ya HC-SR04 hutoa volti 5 kwenye pini ya Echo. Weka rezista ya 1 kΩ kati ya Echo na pini ya ESP32, na ya 2 kΩ kati ya pini hiyo na ardhi. Utapata takriban volti 3.3. Pima kwa multimita kabla ya kuunganisha.
- Unganisha ardhi za vifaa vyote pamoja. Usomaji unaoruka ovyo, mara nyingi ni ardhi iliyosahaulika.
- Kwenye ESP32 ya kawaida, pini za ADC2 (kundi la pili la pini za kusoma volti) hazisomeki Wi-Fi ikiwa imewaka. Tumia za ADC1, yaani GPIO 32 hadi 39.
- Laini za I2C (waya mbili za mawasiliano na sensa) zisizosikika: hakikisha kuna rezista za kuvutia juu, 4.7 kΩ kila moja.
- Betri ya lithiamu isizidi volti 4.2 kwa seli, na usiiache ikichajiwa usiku maabarani bila mtu.

Sanifisha sensa mwanzo na mwisho wa kila kipindi cha kupima. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili inakuonyesha sensa imehama kiasi gani, na mkaguzi makini atakuuliza hilo kwanza.

Hatua ya 8: Mkutano wa kila wiki

Tuma ukurasa mmoja jioni ya kuamkia mkutano: nilichofanya, mchoro mmoja, nilipokwama, ninachopanga. Mchoro uwe na majina kwenye mihimili na vipimo. Profesa ana dakika 30. Asizitumie kukuvuta maneno.

Wengi wetu tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kunyamaza na kuhangaika wenyewe. Katika maabara hizo kimya husomeka vingine kabisa: wataona hufanyi kazi, au kwamba mambo ni shwari. Jiwekee mpaka. Kosa la usakinishaji likikushinda saa mbili, muulize mwanafunzi wa uzamivu. La utafiti lenyewe, siku moja. Unapouliza, toa mambo manne: ulitaka nini kitokee, kilitokea nini, ujumbe kamili wa kosa, na uliyokwisha kuyajaribu. Swali la namna hiyo hakuna anayelichukia, na mara nyingi utapata jibu ukiwa bado unaliandika.

Hatua ya 9: Bango na makabidhiano

Acha majaribio mapya mwanzoni mwa wiki ya tisa. Marekani bango la kawaida ni inchi 36 kwa 48. Ulaya ni A0, milimita 841 kwa 1189. Uliza kipimo kabla ya kuchora. Kichwa kiwe na ukubwa wa herufi 85 au zaidi, maandishi ya ndani yasipungue 24, na maneno yote yasizidi 500 hivi. Jibu lako liandikwe kwa sentensi moja inayosomeka mtu akiwa mita mbili. Michoro ihifadhi kwa PDF au SVG isije ikachuja ikikuzwa, na peleka kuchapisha siku tatu kabla, maana mashine ya idara ina foleni ndefu wiki hiyo.

Kwa makabidhiano, mpe mwenzako ambaye hajaugusa mradi wako faili la maelekezo na umwombe apate namba yako kuu moja. Kaa pembeni bila kusema. Kila atakapokwama, rekebisha maelekezo, si yeye.

Ukikwama

*Kumbukumbu ya GPU imejaa.* Punguza idadi ya mifano kwa mkupuo kwa nusu, na ufidie kwa kulimbikiza gradienti mara mbili. Bado imejaa? Tumia usahihi wa biti 16.

*WER ni karibu asilimia 100 au imezidi.* Kuzidi kunawezekana, kwa kuwa maneno ya kuongezwa nayo huhesabiwa. Kagua kasi ya sampuli, kisha mpangilio wa lugha, kisha sikiliza klipu zenyewe: Whisper ikipewa kimya hutunga maneno.

*Matokeo ni mazuri mno.* Yashuku kabla ya kuyashangilia. Tafuta wasemaji au sentensi zinazojirudia kati ya mafunzo na mtihani.

*Namba za jana hazirudi leo.* Linganisha matoleo ya maktaba na `requirements.txt`, mbegu, na toleo la msimbo kwenye CSV yako. Kama CSV haina toleo la msimbo, jaribio hilo lihesabu halikufanyika, uliendeshe upya.

*ESP32 inajizima na kuwaka kila Wi-Fi inapoanza.* Umeme hautoshi. Badilisha waya wa USB, tumia chanzo cha angalau 500 mA, na uweke kapasita ya 100 µF au zaidi karibu na pini za umeme.

*Wiki ya sita na wazo halifanyi kazi.* Mwambie msimamizi wiki hiyohiyo, si ya tisa. Kisha geuza kazi iwe uchambuzi: chukua makosa 100 ya mfumo wa kulinganishia, yapange kwa aina (majina ya watu, namba, maneno ya Kiingereza katikati ya sentensi, kelele, viambishi vilivyokatwa), uhesabu kila aina na uonyeshe mifano miwili miwili. Kazi hiyo huchukua takriban wiki mbili, hujaza bango kikamilifu, na humwachia atakayekuja Juni ijayo swali lililokwisha kukatwa.